Krimu hii na krimu ile

Hivi umewahi kujiuliza Kiswahili kina majina mangapi ya rangi? Yaliyo yetu kabisa, yanayobeba viambishi kama kivumishi kingine chochote, ni matatu: -eupe, -eusi na -ekundu. Mengine tumeyaazima kwa watu au tumeyaokota kwenye vitu. Manjano ni kiungo cha jikoni, kahawia imetoka kwenye kahawa, kijivu kwenye jivu, zambarau ni tunda. Ile rangi iliyo kati ya nyeupe na udongo, inayopakwa kwenye kuta nyingi za Dar, hatukuipa jina. Tukachukua "krimu", tukaridhika. Wafaransa nao wanaiita beige, jina la sufu ya kondoo ambayo haijatiwa rangi yoyote.

Nayawaza haya kwa sababu dada yangu anahamia kwangu na mwanawe wa mwaka mmoja na nusu, na chumba chao kinahitaji rangi. Dukani nikapewa kadi mbili: krimu na krimu. Muuzaji akasema, "Kaka, hizo ni zilezile, chukua yoyote."

Jamani, si zilezile. Krimu ni nyeupe iliyotiwa udongo kidogo, na udongo una tabia zake. Ule wa manjano ukichomwa moto unageuka mwekundu. Mji wa Siena kule Italia umejulikana duniani kwa udongo wa namna hiyo, mbichi na uliochomwa. Wala si ujuzi wa Wazungu. Katika pango la Blombos, Afrika Kusini, wataalamu walikuta makombe ya baharini yaliyotumika kuchanganyia udongo mwekundu miaka 100,000 hivi iliyopita. Leo viwanda vinatengeneza oksaidi za chuma badala ya kuchimba, lakini kitu ni kilekile: chuma kilichoshika kutu. Chembe za wekundu zikizidi kidogo, krimu inaelekea kwenye waridi. Zikipungua, inaelekea kwenye manjano.

Kwa kuwa udongo ulikuwa rahisi, krimu ilikuwa rangi ya bei ya chini. Mafundi wa London katika karne ya 18 walitoza kulingana na rangi, na krimu pamoja na rangi ya jiwe zilikuwa kwenye kundi la kawaida. Buluu na kijani kizuri vilikuwa vya wenye fedha.

Ubaya haukuwa kwenye udongo. Ulikuwa kwenye ile nyeupe. Kwa karne nyingi nyeupe ya rangi ya mafuta ilitokana na madini ya risasi: vipande vya risasi viliwekwa juu ya siki ndani ya vyungu, vikafukiwa kwenye samadi kwa miezi hadi vikaota ukoko mweupe. Uingereza kazi hiyo ilifanywa sana na wanawake maskini, na sumu iliwaua. Halafu ikafika zamu ya watoto. Mwaka 1904 daktari Lockhart Gibson wa Brisbane, Australia, aliandika kwamba watoto aliokuwa akiwatibu walipata sumu kutoka kwenye rangi ya baraza za nyumba zao. Jua liliipukutisha ikawa vumbi, vumbi likashika vidole, vidole vikaenda mdomoni. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani likapitisha mkataba wa kuizuia ndani ya majengo. Marekani ilisubiri mpaka 1978 kuipiga marufuku rangi ya risasi majumbani. Miaka hamsini na saba! Na hapo nyeupe ya titani, isiyo na sumu hiyo, ilikuwa sokoni tangu miaka ya 1910 na 1920.

Turudi kwenye kadi zangu. Mkemia Mfaransa Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, aliletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Akapima, akakuta hazina kasoro. Tatizo lilikuwa rangi zilizokaa jirani nazo, na mwaka 1839 akachapa kitabu kizima kuhusu jambo hilo. Basi nikazibandika kadi ukutani, karibu na mlango wa mninga, nikazitazama asubuhi, kisha usiku chini ya taa. Pembeni ya ule wekundu wa mbao, krimu ya manjano ilionekana ya kijani, kama uji uliolala. Ile yenye wekundu kidogo ikatulia. Nimechukua hiyo, ndoo moja ya rangi ya maji.

Kwenye fremu ya dirisha kuna rangi ya mafuta ya zamani, na hakuna anayejua ilipakwa lini. Fundi alikuja na msasa, tayari kuikwangua kavu. Nimemwomba ailoweshe kwanza, vumbi lisiruke, na kila kinachobanduka akifute kwa kitambaa kibichi. Dada nimempigia, asubiri Jumamosi ya pili.