Gari ya zamani ikianza kula mafuta ghafla: pa kuanzia

Leo tuongelee kitu kinachopoteza watu kazi hapa mjini: gari ilikuwa inakwenda freshi, halafu ndani ya wiki moja inaanza kunywa petroli kama maji. Tajiri anasema dereva anauza mafuta. Dereva anasema gari mbovu. Fundi anasema injini imechoka, leta hela. Ukiwauliza wote watatu nani amepima, hakuna.

Binamu yangu anaendesha teksi hapa Dar, Corolla 110 yenye injini ya 5A. Alibakiza siku mbili anyang'anywe funguo. Mambo yafuatayo ndiyo tuliyofanya, pamoja na mengine niliyojifunza kwa mafundi. Nimeyapanga kuanzia ya bure.

1. PIMA KWANZA. Jaza tenki mpaka pampu ijikate yenyewe, rudisha kilomita za safari kwenye sifuri, piga kazi, kisha rudi kwenye pampu ile ile ujaze tena mpaka ijikate. Gawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Kilomita 240 kwa lita 30 ni kilomita 8 kwa lita. Kama zamani ulikuwa unapata 12, safari hiyo ilitakiwa ile lita 20, kwa hiyo lita 10 zimekwenda bure. Rudia mara mbili, maana foleni ya siku moja inaweza kukudanganya.

Kama kuna mambo ya kutuhumiana, tajiri apande mwenyewe siku nzima kwenye mizunguko ya kawaida. Namba ikiwa nzuri akiwa ndani, gari haina kosa, mafuta yanatoka kwa njia nyingine. Ikiwa mbaya vile vile, dereva aachwe, tufungue boneti. Kwa binamu ilibaki 8.

2. ANGALIA TAA YA O/D OFF. Hii ni kwa gari za otomatiki. Pembeni ya mkono wa gia kuna kitufe. Kikiguswa bahati mbaya, taa ya O/D OFF inawaka kwenye dashibodi na gari haiingii gia ya mwisho. Barabara kubwa injini inalia na mafuta yanaisha. Bonyeza tena, basi, hakuna cha kununua.

3. MATAIRI NA BREKI. Upepo ujaze kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva. Ila upepo mdogo peke yake haushushi matumizi kutoka 12 hadi 8. Breki iliyoganda inaweza kuchangia sana. Baada ya safari sogeza kiganja karibu na kila rimu, usishike. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, piga jeki uizungushe kwa mkono. Ikiwa nzito, kalipa au hendibreki haiachii.

4. NUSA. Harufu ya petroli gari ikiwa imesimama ni dalili ya kuvuja. Hapo usiendelee kuendesha, ni moto huo. Kagua mipira ya mafuta, maungio na chini ya tenki.

5. THEMOSTATI. Hapa ndipo wengi tunaumia. Gari ikichemsha, fundi wa mtaani anatoa themostati na kuitupa. Gari inaacha kuchemsha kweli, lakini injini nayo inachelewa kupata joto, na barabara kubwa inapoa tena. Kompyuta ya injini ikiona maji ni ya baridi inaongeza mafuta, kama vile gari inawashwa alfajiri. Themostati nyingi za Toyota zinafunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Kama mshale wa joto siku hizi unakaa chini kuliko zamani, muulize fundi kama imo au ilishatolewa.

6. SENSA. Zipo mbili za kushuku. Moja ni ya joto la maji. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 sensa ya kompyuta ni tofauti na ile ya mshale, kwa hiyo mshale unaweza kuwa sawa huku kompyuta inadanganywa. Ya pili ni ya oksijeni, ipo kwenye bomba la ekzosi. Ikifa, kompyuta haijui mafuta yamezidi au yamepungua. Tovuti ya serikali ya Marekani, fueleconomy.gov, inasema kurekebisha tatizo kubwa kama la sensa ya oksijeni kunaweza kuboresha matumizi kwa hadi asilimia 40.

Huhitaji mashine. Chini ya boneti kuna kiboksi cheusi kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Zima gari, unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha washa switchi bila kuwasha injini. Hesabu taa ya injini inavyokonyeza. Mara mbili, inatulia, mara moja: hiyo ni 21, sensa ya oksijeni. Mbili kisha mbili: 22, joto la maji. Ikikonyeza mfululizo bila kutulia, kompyuta haijarekodi kosa. Chunga usikosee matundu, soma maandishi kwenye mfuniko.

Ya binamu ilitoa 22. Tukabadilisha sensa hiyo tu, namba ikarudi 11 na ushee, na funguo zikabaki mfukoni mwake.

7. PLAGI. Zifungue uone rangi. Kahawia ya kufifia ni nzuri. Masizi meusi makavu maana yake petroli imezidi. Nyeusi yenye utelezi ni oili inaungua, na hapo ndipo injini inaweza kuitwa imechoka.

Filta ya hewa nimeiacha mwisho makusudi. Kwenye gari ya nozeli, filta chafu inapunguza nguvu, lakini mafuta haiyaongezi kiasi cha kukutoa jasho. Kwenye gari ya kabureta ndiyo inaumiza.

Kwa hiyo mtu asikuuzie injini ya mtumba kabla hujafika namba 7. Na wewe tajiri, kabla hujamwita mtu mwizi, chukua daftari upime.

Mwenye la kuongeza atupie kwenye maoni, ataje gari yake, kilomita na lita.