Nchi Jirani: Uganda na Vita vya Bei ya Dawa



Mwezi Septemba 1986 viongozi wa nchi zisizofungamana na upande wowote walikutana mjini Harare. Huko Rais Fidel Castro wa Cuba alimpa Rais Yoweri Museveni wa Uganda habari nzito. Kati ya askari 60 ambao Uganda ilikuwa imewapeleka Cuba kwa mafunzo, 18 walikuwa wamekutwa na virusi vya UKIMWI. Jeshi lililoingia Kampala kwa ushindi Januari ya mwaka huo huo likaambiwa kwamba adui mwingine yumo ndani ya safu zake. Waliovuka Mutukula mwaka 1979 wanaifahamu vyema nchi ya Rakai na Masaka, ambako ugonjwa huo ulipewa jina la Slim kwa jinsi ulivyowakondesha watu. Upande wetu wa mpaka, mkoani Kagera, wagonjwa wa kwanza waligunduliwa mwaka 1983.

Hivyo, kituo cha utafiti kiitwacho JCRC kilipoanzishwa Kampala mwanzoni mwa miaka ya 1990, Wizara ya Ulinzi ilikuwa miongoni mwa waasisi wake, pamoja na Wizara ya Afya na Chuo Kikuu cha Makerere. Kituo kilikuwa na madaktari. Kilichokosekana ni dawa, na dawa ilikosekana kwa sababu ya bei.

Dawa ya kwanza, AZT, iliruhusiwa kuuzwa Marekani mwezi Machi 1987. Bei yake kwa mgonjwa mmoja ilikaribia dola 10,000 kwa mwaka. Ikumbukwe kwamba kemikali hiyo ilitengenezwa kwanza mwaka 1964 na mtaalamu Jerome Horwitz, akitafuta tiba ya saratani kwa fedha za umma wa Marekani. Kampuni ya Burroughs Wellcome ndiyo iliyojipatia hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwa mtengenezaji na muuzaji pekee. Ilipofika mwaka 1996 wataalamu walithibitisha kwamba dawa tatu zikitumiwa pamoja humwinua mgonjwa kitandani. Lakini hizo tatu, zenye majina ya makampuni makubwa, ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka. Mshahara wa koplo, au hata wa kanali, ungefanya nini hapo?

Watu walifanya walivyoweza. Aliyekuwa na ng'ombe aliuza, aliyekuwa na shamba aliuza, na ndugu walichangishana. Fedha zilipokwisha, mgonjwa aliacha dawa, au alikunywa nusu ya kipimo ili zimfikishe mwisho wa mwezi. Mpiganaji anaelewa hatari ya kumshambulia adui nusunusu na kumwachia nafasi ya kujipanga upya. Virusi navyo hufanya hivyo: huzoea dawa, na dawa ile ile haifai tena.

Mwaka 1998 Umoja wa Mataifa ulianzisha Uganda mpango wa majaribio wa kupunguza bei. Bei zilishuka kiasi, lakini mwananchi wa kawaida hakuzifikia.

Mlango ulifunguliwa kutoka India. Sheria ya hataza ya India ya mwaka 1970 haikumlinda mwenye dawa yenyewe, bali ililinda njia ya kuitengeneza tu. Aliyepata njia nyingine aliruhusiwa. Kwa sheria hiyo kampuni ya Cipla ya Bombay, chini ya Yusuf Hamied, ilitengeneza dawa zile zile bila majina yale ya kibiashara. Februari 2001 ilitangaza kuliuzia shirika la madaktari wasio na mipaka dawa zote tatu kwa dola 350 kwa mwaka, yaani chini ya dola moja kwa siku. JCRC, ikiongozwa na Dakta Peter Mugyenyi, iliagiza dawa za Cipla wakati ambapo makampuni makubwa yalikuwa bado yakinong'ona kwamba Mwafrika hataweza kuzitumia ipasavyo.

Wakati huo huo makampuni 39 yalikuwa yameishtaki Serikali ya Afrika Kusini mjini Pretoria kwa sababu ya sheria yake ya mwaka 1997 ya kupunguza bei za dawa. Dunia nzima ilikasirika, na tarehe 19 Aprili 2001 mashtaka yakaondolewa. Miezi miwili baadaye Bunge la Kenya lilipitisha sheria inayoruhusu kununua dawa popote inapouzwa kwa bei nafuu. Mwaka 2002 marekebisho yaliyopenyezwa kimya kimya yalitaka kwanza ipatikane idhini ya mwenye hataza! Wananchi walipaza sauti, na kifungu hicho kikafutwa. Zambia na Msumbiji nazo zilitoa leseni za lazima mwaka 2004.

Januari 2003 Dakta Mugyenyi alikuwa mgeni katika Bunge la Marekani, Rais George Bush alipotangaza mpango mkubwa wa fedha za kutibu UKIMWI. Bush mwenyewe alieleza kwamba gharama imeshuka kutoka dola 12,000 hadi chini ya dola 300. Hesabu hiyo ilitokana na dawa za India. Hata hivyo fedha za mpango huo mwanzoni zilinunua dawa za majina makubwa tu, mpaka wakaguzi wa Marekani walipoanza kuziidhinisha nyingine mwaka 2005. Mtu na ajiulize fedha hizo zilikuwa zikimsaidia nani kwanza.

Uganda haikungoja kuuziwa daima. Mwaka 2007 kiwanda cha Quality Chemicals kilifunguliwa Luzira, Kampala, kwa ubia na Cipla, na vidonge vikaanza kutengenezwa kando ya Ziwa Victoria.

Mwaka 2025 hesabu za namna ile zilirudi. Kampuni ya Gilead iliruhusiwa kuuza Marekani sindano ya lenacapavir, inayokinga maambukizo kwa kuchomwa mara mbili tu kwa mwaka, kwa bei inayozidi dola 28,000. Mwezi Septemba mwaka huo ikatangazwa kwamba watengenezaji wa India wataiuza kwa nchi 120 kwa dola 40 hivi kwa mwaka, kuanzia mwaka 2027.