Bhavatarini wa Dakshineswar: Miaka 170 ya Hekalu la Mjane

Kabla hajajenga hekalu, Rani Rashmoni alikwishawashinda Waingereza kwa mnyororo. Kampuni ya Kiingereza iliyotawala Bengal, India, ilipowatoza wavuvi kodi, mjane huyu tajiri wa Kolkata alikodi kipande cha mto Hooghly kwa rupia 10,000, akakifunga kwa minyororo ya chuma. Meli zikakwama. Alipoulizwa, akajibu kwamba vyombo vinamfukuzia samaki aliowalipia. Kodi ikafutwa.

Wabrahmini, tabaka la makuhani wa Kihindu, walikuwa wagumu kuliko Kampuni. Mapokeo yasema mwaka 1847, akiwa amefunga safari ya kuhiji mji mtakatifu wa Kashi, mungu wa kike Kali alimjia ndotoni akamtaka abaki na kumjengea hekalu kando ya mto. Akanunua ekari 20 hivi Dakshineswar, kaskazini ya mji. Lakini "Rani", yaani malkia, lilikuwa jina tu. Tabaka lake lilihesabiwa la chini, na makuhani wakakataa kumpikia mungu chakula katika hekalu lake. Fedha zake safi, wali wake najisi! Aliyefungua fundo ni Ramkumar Chattopadhyay, mwalimu maskini wa Kisanskriti: Rani ampe Mbrahmini hekalu kama zawadi, ndipo chakula kitolewe. Tarehe 31 Mei 1855 milango ikafunguliwa, Ramkumar akiwa kuhani wa kwanza.

Miezi michache baadaye kuhani mmoja aliteleza akiwa amebeba sanamu ya mungu Krishna, mguu ukavunjika. Wanazuoni wakaamua itupwe mtoni. Mdogo wake Ramkumar, kijana ambaye dunia ingemjua kama mtakatifu Ramakrishna, akauliza kama mkwe wa Rani akivunjika mguu naye atatupwa. Akaiunga sanamu kwa mikono yake. Ramkumar alipofariki mwaka 1856, kijana huyo akashika nafasi ya kumhudumia Kali.

Kali wa hapa huitwa Bhavatarini, anayewavusha viumbe bahari ya maisha. Ni wa jiwe jeusi, amesimama kifuani pa mungu Shiva, shingoni mashada ya haibiskasi nyekundu. Juu ya hekalu lake vimepanda vilele 9, na ukingoni mwa mto vimejipanga vihekalu 12 vya Shiva, 6 kila upande wa ngazi za kuogea.

Sikukuu kubwa ni Kali Puja, usiku wa giza kabla mwezi haujaandama, Oktoba au Novemba. Sehemu nyingi za India usiku huo huwashiwa taa mungu wa kike Lakshmi. Bengal hukesha na Kali. Foleni huwa ndefu, watu wameshika vikapu vya maua na peremende, na tangu 2021 treni za metro zinafika Dakshineswar.

Hati ya wakfu ya kulitunza hekalu Rani aliitia saini tarehe 18 Februari 1861. Kesho yake akafariki.