Mashirikisho ya michezo na upunguzaji wa hewa ukaa

Shirikisho la michezo huchangia hewa ukaa kwa usafiri wa timu na mashabiki, ujenzi na uendeshaji wa viwanja, malazi ya wageni na umeme wa ofisi. Usafiri ndio unaoongoza. FIFA ilikadiria kuwa Kombe la Dunia la 2022 nchini Qatar lingezalisha tani milioni 3.6, na zaidi ya nusu ya hizo zilitokana na safari.

Kwa Burundi, safari hizo huanzia kwenye hali ya viwanja. Uwanja wa Intwari wa Bujumbura ulipokosa kibali cha Shirikisho la Soka Afrika (CAF), timu ya taifa, Intamba mu Rugamba, ililazimika kuchezea mechi zake za nyumbani nje ya nchi. Novemba 2023 iliikaribisha Gambia jijini Dar es Salaam. Tarehe 7 Juni 2024 ilitoka sare ya 1-1 na Kenya mjini Lilongwe, Malawi, kwa sababu Kenya nayo haikuwa na uwanja ulioidhinishwa. Wanachama wawili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walisafiri hadi nchi ya tatu kucheza dakika tisini.

Kwa hiyo kukarabati uwanja uliopo ni hatua ya mazingira pia. Huondoa safari za ndege zisizo za lazima, na hutumia saruji na chuma kidogo kuliko kujenga uwanja mpya.

Hatua ya pili ni ratiba. Klabu ya Bujumbura inayopanda milima kwenda kucheza na Flambeau du Centre mjini Gitega, mwendo wa takriban kilomita 100, inaweza kupangiwa mechi nyingine mikoa ya ndani kabla ya kurejea. Mashindano ya vijana yakianzia tarafani, kama Bugendana, wachezaji wengi hufika kwa miguu au baiskeli, na washindi tu ndio wanaohitaji basi la kwenda Gitega. Katika nchi iliyosumbuliwa na uhaba wa mafuta kwa miaka kadhaa, ratiba ya namna hiyo huokoa pia fedha za klabu.

Umeme nao una nafasi yake. Burundi hutegemea sana nguvu za maji, ukiwemo mradi wa Rusumo wa megawati 80 inaougawana na Rwanda na Tanzania. Mechi za mchana, pamoja na paneli za sola badala ya jenereta ya dizeli umeme unapokatika, hupunguza moshi bila gharama kubwa za uendeshaji.

Kimataifa, mwongozo mkuu ni mpango wa Umoja wa Mataifa wa michezo na tabianchi, uliozinduliwa Katowice, Poland, Desemba 2018. Wanaojiunga hutakiwa kupunguza nusu ya hewa ukaa ifikapo 2030 na kufikia sifuri halisi ifikapo 2040. Ahadi hizo zinahitaji hesabu za kweli: Juni 2023, tume ya Uswisi inayosimamia maadili ya matangazo iliamua kuwa FIFA ilipotosha umma ilipoliita Kombe la Qatar lisilo na athari kwa tabianchi.

Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, lililokabidhiwa Kenya, Uganda na Tanzania, linaweza kuipa kanda uzoefu wa kupunguza hewa ukaa michezoni. Kila kundi likicheza mechi zake katika nchi moja, timu zitapunguza safari za ndege, na Tanzania tayari ina treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma.