Bastola nyepesi ya aluminiumu: wenye kuinunua Marekani wanasema nini?

Familia nyingi za Kivu ya Kusini, Kivu ya Kaskazini, Tanganyika na Ituri ziko na ndugu Marekani: Louisville, Dallas, Phoenix, Des Moines na miji ingine. Kule mutu muzima anaweza kuingia katika duka na kutoka na bastola, kama sheria inamuruhusu. Juu ya ile, swali la silaha linaingia hata katika mazungumzo ya familia kwa simu: ninunue ao nisinunue? Na kama ninanunua, ya namna gani?

Aina moja inasifiwa sana kule: bastola nyepesi, ile ambayo mwili wake umefanywa na aluminiumu pahali pa chuma. Hapa tunaeleza ile silaha ni nini, wenye kuwa nayo wanaisifu juu ya nini, wanailalamikia juu ya nini, na mambo gani mununuzi anapashwa kujua mbele ya kutoa makuta yake.

Ilitoka wapi?

Jeshi la Marekani lilichukua bastola ya Colt yenye masasi ya .45 mwaka wa 1911. Aliyeitengeneza ni John Browning, yule yule aliyefanya kazi miaka mingi na kiwanda cha FN cha Ubelgiji na kufariki kule kule Ubelgiji mwaka wa 1926. Yeye pia ndiye alianza kuchora bastola ya GP ya Kibelgiji, ambayo Dieudonné Saive aliimaliza nyuma yake, mwaka wa 1935. Hizo zote mbili ni za chuma kitupu. Ile ya 1911 iko na uzito wa kilo 1 na gramu 100 hivi, bila masasi.

Nyuma ya vita kubwa ya pili, jeshi la Marekani lilitafuta bastola fupi na nyepesi kwa wakubwa wa jeshi. Colt walijibu na bastola waliyoiita Commander, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1950. Mtutu wake ulikuwa mufupi kidogo, na mwili wake ulikuwa wa aluminiumu. Uzito ulishuka mpaka karibu gramu 770. Smith & Wesson nao wakafanya Model 39, ya masasi ya milimita 9, nayo ya aluminiumu. Polisi ya jimbo la Illinois iliichukua mwaka wa 1967.

Baadaye hii njia ilienea. Beretta 92 ya Italia, ambayo jeshi la Marekani liliichagua mwaka wa 1985, mwili wake ni aluminiumu. SIG P226 vilevile. Colt wenyewe, mwaka wa 1970, walitoa Commander ya chuma kwa wale waliotaka uzito. Ndipo ile ya aluminiumu ikaitwa Lightweight Commander.

Kitu kimoja kieleweke: haiko bastola nzima ya aluminiumu. Mtutu, na ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi inapotoka, zinabakia chuma. Aluminiumu ni mwili wa chini, ule mukono unashika na ambamo kisanduku cha masasi kinaingia. Kwa kipimo kimoja, aluminiumu iko na uzito wa karibu theluthi moja ya chuma. Ndiyo maana tofauti inasikilika mara moja mukononi.

Wanaisifu juu ya nini?

Wenye kuipenda wanarudilia neno moja: kubeba. Mutu anayebeba bastola kiunoni toka asubuhi mpaka usiku, kwa gari, kwa kiti cha kazi, kwa kupanda ngazi, anajua uzito ule unavuta mukaba na kuumiza kiuno. Wengi wanasema walinunua bastola ya chuma, wakaibeba wiki chache, kisha wakaanza kuiacha ndani ya kabati. Ile nyepesi wanaisahau kama iko kiunoni.

Kitu cha pili ni kutu. Aluminiumu haishike kutu nyekundu sawa chuma, na kwa wenye jasho mingi ao wanaoishi pahali pa joto na maji mengi angani, ile ni faida. Lakini faida haiko kamili: jasho la chumvi linaweza kula aluminiumu polepole pale rangi yake ya juu imetoka, na sehemu za chuma za juu zinaendelea kuomba mafuta.

Kitu cha tatu ni mukono wenyewe. Kuna wenye hawapendi bastola za plastiki ngumu kama Glock, ambazo zilianza kutoka mwaka wa 1982. Wanasema aluminiumu inawapa wepesi bila kuacha umbo na kifyatulio walivyozoea. Wengine wanajibu kwamba plastiki inafanya kazi ile ile na mara nyingi kwa bei ya chini. Mabishano haya hayaishe.

Wanalalamika juu ya nini?

La kwanza ni teke. Risasi ni ile ile, baruti ni ile ile. Kama bastola ni nyepesi, inarudi nyuma kwa nguvu zaidi. Ukilinganisha Colt ya kilo 1 na gramu 100 na ile ya gramu 770, kwa hesabu teke la ile nyepesi linazidi kwa karibu asilimia 40. Mukono unachoka mbio, na bastola inachelewa kurudi pale ilikuwa inalenga. Matokeo yake wenye kuinunua wanayaeleza wazi: wanafanya mazoezi kidogo kuliko walivyopanga. Na mutu asiyefanya mazoezi ni hatari kwake mwenyewe na kwa walio karibu naye. Juu ya ile wengi wanashauri muanzaji achukue masasi ya milimita 9 kuliko .45, kama anataka silaha nyepesi.

La pili ni kuzeeka. Aluminiumu ni laini kuliko chuma. Katika bastola za namna ya 1911 kuna kitelemko kidogo kinachoongoza risasi toka kisanduku kwenda ndani ya mtutu, na sehemu yake moja iko ndani ya mwili. Masasi yenye kichwa wazi, ao kisanduku kibaya, vinaweza kukwaruza kile kitelemko mpaka masasi yanaanza kukwama. Viwanda vingine vimelijibu tatizo hili kwa kukiweka kitelemko chote juu ya mtutu wa chuma. Vilevile visi za chuma zinazoingia ndani ya aluminiumu zinaweza kuharibu njia yao kama mutu anakaza na nguvu nyingi.

Nyuma ya masasi mengi sana, mwili wenyewe unaweza kupasuka. Wajerumani walikutana na shida ya namna hii: walipoanza kutengeneza tena Walther P38 kwa jeshi lao katika miaka ya 1950, walifanya mwili wa aluminiumu, na bastola ikaitwa baadaye P1. Miaka ilipopita waliongeza kipande cha chuma cha pembe sita kupita ndani ya mwili ili kuutia nguvu. Wenye uzoefu wanasema dawa ni kubadilisha resori ya ndani kwa wakati wake, kutotumia masasi makali kila siku, na kuangalia nyufa kila wanaposafisha.

Swali la kwanza kujiuliza

Ukisikiliza pande zote mbili, utaona hazibishane kweli. Mumoja anaongea juu ya kubeba, mwingine anaongea juu ya kupiga. Wepesi unamusaidia mwenye kubeba, na unamuazibu mwenye kupiga. Basi mbele ya kuuliza bei, mununuzi ajiulize: hii silaha itatembea na mimi kila siku, ao itakaa nyumbani? Kama itakaa nyumbani, wepesi haumuletee kitu: amelipa faida ambayo hataitumia, na amebakia na teke.

Kwa anayenunua iliyotumiwa, kuna mambo ya kuangalia: kitelemko kama kimekwaruzwa, nyufa karibu na matundu ya mwili, visi kama zinashika. Aulize pia umri wake. Colt za zamani hazikuwa na kifungo cha ndani kinachozuia risasi kutoka kama silaha imeanguka. Colt walianza kukitia mwaka wa 1983, katika zile zinazoitwa Series 80.

Sheria na nyumba

Kwa ndugu walio kule, sheria iko na miiba. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo ao ya kutembea, sheria ya Marekani inamukataza kuwa na silaha ya moto, isipokuwa hali chache. Aliyehukumiwa juu ya kupiga bibi yake naye anakatazwa. Na kuna mutego mwingine: mutu akikupa makuta umununulie bastola kwa jina lako, kwa sababu yeye hawezi ao hataki kujaza karatasi, ile ni kosa kubwa. Tangu sheria ya mwaka wa 2022, inaweza kuleta kifungo mpaka miaka 15. Usikubali, hata kama ni ndugu wa tumbo moja.

Kisha kuna watoto. Katika miaka ya 2020, 2021 na 2022, silaha za moto ndizo zilikuwa sababu ya kwanza ya vifo vya watoto na vijana wa miaka 1 mpaka 19 Marekani. Na kwa watu wote wanaokufa kwa silaha kule, zaidi ya nusu ni wale waliojiua wenyewe. Bastola nyepesi, hata mutoto mudogo anaweza kuiinua. Kama iko ndani ya nyumba, mahali pake ni sanduku la chuma lenye ufunguo, bila masasi ndani yake.

Hapa kwetu Congo mambo ni mengine kabisa. Ordonnance-loi n° 85-035 ya tarehe 3 mwezi wa 9, 1985 ndiyo inapanga mambo ya silaha na masasi, na raia hawezi kuwa na silaha ya moto bila ruhusa ya serkali. Mkataba wa Kinshasa wa mwaka wa 2010, unaotumika tangu 2017, nao unaomba inchi za Afrika ya Kati kuchunga na kuandikisha silaha ndogo. Kwa hiyo, ndugu anayefikiri kuja likizo na bastola yake ndani ya valizi, ama kuituma kwa mutu wa Goma ao Uvira, ajue kama anajitafutia kesi katika inchi mbili kwa mara moja.