Staa wa Uingereza, Simba wa Muvi na Geti la Zange Pale Same

Wadau, wengi wetu Same tunaijua kwa dirishani. Basi linatoka Arusha kwenda Dar, jua linawaka, Milima ya Upare imesimama pembeni, dakika chache mmeshapita. Lakini kilomita chache kutoka mjini kuna geti la Zange, mlango wa Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Leo tunavuta uzi unaoanzia kwenye sinema za Uingereza, unapita Kenya, na kuja kuishia hapo getini.

Uzi wenyewe unaanza na jamaa anaitwa Bill Travers. Kama humjui usijali, waulize wazee waliokuwa wanakwenda sinema miaka ya sitini.

Bill alizaliwa mwaka 1922, kaskazini mwa Uingereza. Kabla ya kamera alikuwa askari, Vita Kuu ya Pili aliipigana huko Asia akiwa na Wagurkha. Aliporudi akaingia kwenye uigizaji, na mwaka 1955 muvi ya Geordie ikamtoa. Humo alicheza kijana wa Scotland aliyekuwa kambau kambau, akafanya mazoezi mpaka akafika Olimpiki. Mwaka uliofuata yumo kwenye Bhowani Junction pamoja na Ava Gardner. Mwaka 1957 akamuoa Virginia McKenna, naye staa mkubwa tu. Ndoa ile haikuvunjika mpaka kifo kilipowatenganisha.

Mambo yakabadilika walipokuja Kenya kucheza Born Free, iliyotoka mwaka 1966. Ni kisa cha kweli cha George na Joy Adamson waliomlea simba jike yatima, Elsa, kisha wakamfundisha kuwinda na kumwachia porini. Bill akawa George, Virginia akawa Joy. Enzi hizo hakuna simba wa kompyuta. Ilibidi wakae na simba wenyewe na kutembea nao mpaka wazoeane, huku George Adamson mwenyewe akiwaelekeza. Muvi ikabeba Oscar 2, zote za muziki.

Sasa jiulize, muvi ikiisha, waigizaji wanalipwa wanarudi kwao. Simba je? Wengi walipelekwa kwenye bustani za wanyama. Hilo lilimuuma Bill. Muvi nzima inahubiri uhuru, halafu waliocheza humo wanafungiwa! Watatu tu, Boy, Girl na Ugas, ndio waliokabidhiwa kwa Adamson awarudishe porini huko Meru, na Bill akatengeneza filamu kuhusu kazi hiyo.

Baadaye, akiwa London, Bill akaingia kwenye duka la fanicha akakuta simba mdogo anafugwa mle ndani. Simba huyo, Christian, alikuwa amenunuliwa na vijana wawili kwenye duka kubwa la Harrods. Bill akamtafuta Adamson, na mwaka 1970 Christian akapandishwa ndege hadi Kora, Kenya. Ile video ya simba anayewakumbatia vijana wawili, iliyozunguka sana mitandaoni, ndiye yeye.

Kilichomgusa zaidi ni tembo mdogo aliyecheza naye kwenye muvi nyingine hapo Kenya. Jina lake Pole Pole. Serikali ya Kenya ilimtoa zawadi kwa bustani ya wanyama ya London, na huko ndiko alikofia mwaka 1983. Mwaka uliofuata Bill na Virginia wakaanzisha kampeni ya Zoo Check, ambayo ndiyo imekuja kuwa Born Free Foundation. Bill alifariki mwaka 1994. Siku hizo uigizaji alikuwa ameuweka kando.

Same inaingia hapa. Mwaka 1971 Mwingereza mwingine, Tony Fitzjohn, alikwenda kumsaidia Adamson huko Kora. Majambazi walimuua Adamson Agosti 1989, na mwaka huohuo Tony akaanza kazi Mkomazi. Akafufua barabara na mabwawa, akazalisha mbwa mwitu, na mwaka 1997 faru weusi wakaletwa kutoka Afrika Kusini. Mkomazi ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Maisha ya Tony nayo yakatengenezewa muvi, To Walk with Lions, ambamo John Michie ndiye aliyemcheza.

Mpaka hapo stori tamu. Lakini hesabu majina: Bill, Virginia, George, Joy, Tony. Omar Chambati na Peter Lukoye walicheza kwenye Born Free kama wafanyakazi wa kambi, nani anawakumbuka? Yule simba Boy, staa wa muvi, mwaka 1971 alimuua mfanyakazi wa kambi ya Kora aliyeitwa Stanley. Adamson ikabidi ampige Boy risasi. Wanaomjua Boy ni wengi kuliko wanaomjua Stanley.

Na Mkomazi haikuwa pori tupu lililokuwa linamsubiri mzungu. Wafugaji walikuwa wanachunga humo, na mwaka 1988, mwaka mmoja kabla ya Tony kufika, waliondolewa. Baadhi yao walifungua kesi Moshi. Ikafika hadi Mahakama ya Rufani, na mwaka 1999 wakaambiwa hawarudi. Mwaka uleule muvi ya Tony ilipotoka.

Mimi simlaumu Bill. Alicheza nafasi moja, akaona jambo haliko sawa, akalishughulikia miaka yake yote iliyobaki. Mastaa wangapi wanafanya hivyo? Na faru wa Mkomazi ni wa kujivunia. Ila yule mzee wa Same aliyechunga ng'ombe mle kabla ya 1988 hajatengenezewa muvi na mtu yeyote, na miaka inakwenda. Wewe kijana wa Same mwenye simu ya kamera nzuri, ukienda nyumbani likizo hii, mkalishe babu chini, umrekodi.