Sayansi kwa Manufaa ya Nani? Funzo Kutoka Maisha ya Harry Johnston

Katika mapambano ya kujenga fikra za kimapinduzi, swali moja hujitokeza mara kwa mara: je, sayansi ina upande? Wako ndugu wanaosema kwamba sayansi haina siasa, kwa hiyo mtaalamu aachwe na kazi yake. Wako wengine wanaosema kwamba elimu yote iliyokusanywa na wakoloni ni kasumba tupu, kwa hiyo itupwe. Sisi tunaona kwamba wote wawili wamekosea. Ili kulifafanua jambo hili, tuyachunguze maisha ya mtumishi mmoja wa ubeberu wa Kiingereza, Harry Johnston, aliyezaliwa London mwaka 1858 na kufariki mwaka 1927.

Johnston hakuwa mwanasayansi wa uongo. Alikuwa mchoraji hodari, mjuzi wa wanyama na mimea, na mwanafunzi wa lugha za Afrika, Kiswahili kikiwa mojawapo. Kitabu chake kikubwa juu ya lugha za Kibantu, kilichotoka kwa sehemu mbili mwaka 1919 na 1922, kilikusanya maneno ya lugha na lahaja zaidi ya 200. Jambo hili hatulikanushi. Tunalouliza ni hili: elimu hiyo ilitumwa na nani, na ilimtumikia nani?

Tuanze na Kilimanjaro. Mwaka 1884 vyama vya wanasayansi wa Uingereza vilimtuma Johnston kuchunguza mimea na wanyama wa mlima huo. Alipiga kambi Moshi kwa Mangi Rindi, ambaye Wazungu walimwita Mandara, kisha akaenda Taveta. Mimea aliikusanya kweli, na mmoja wa mimea mikubwa ya mlimani ukapewa jina lake. Lakini mkono uleule uliobandika majina kwenye majani makavu uliandika barua kwa serikali ya London, ukieleza kwamba nchi ile ya baridi na rutuba inawafaa walowezi, na kwamba Uingereza isipofanya haraka itanyang'anywa na wengine. Huko Taveta alifanya mapatano ya ardhi, na haki alizodai kupata zikahamishiwa kwa tajiri mmoja wa biashara wa Manchester. Baadaye mapatano hayo yakawa mojawapo ya madai ya mabepari wa Kiingereza katika Afrika Mashariki. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zikagawana nchi: Kilimanjaro ikaenda kwa Wajerumani, Taveta ikabaki kwa Waingereza. Wachaga na Wataveta hawakuulizwa.

Tangu hapo Johnston alipanda ngazi. Mwaka 1887, akiwa mwakilishi wa Uingereza katika nchi ya Delta ya Niger, alimwita mfalme Jaja wa Opobo kwa mazungumzo, kisha akamkamata. Kosa la Jaja lilikuwa kuilinda biashara ya mawese isimezwe na makampuni ya Kiingereza. Alihamishiwa visiwa vya West Indies, na mwaka 1891 akafariki njiani akirudi kwao. Mwaka huohuo wa 1891 Johnston alikabidhiwa utawala wa nchi ambayo leo ni Malawi, akapewa fedha na kampuni ya Cecil Rhodes. Huko alipigana vita na machifu, akawapa walowezi vyeti vya kumiliki ardhi, na wakati huohuo akaendelea kupeleka Ulaya mimea na wanyama waliokaushwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Uganda. Tarehe 10 Machi 1900 Johnston, akiwa Kamishna Maalumu, alitia sahihi Mapatano ya Buganda. Kabaka Daudi Chwa alikuwa mtoto mdogo, kwa hiyo waliozungumza kwa niaba yake ni wakubwa wa nchi, wakiongozwa na Apolo Kagwa. Kila kibanda kilitozwa kodi ya rupia 3 kwa mwaka. Eneo la Buganda likakadiriwa kuwa maili za mraba 19,600. Kati ya hizo, 9,000, zilizoitwa pori, zilitwaliwa na serikali ya Uingereza, na 8,000 zikagawiwa machifu na wenye ardhi wapatao 1,000. Hivyo ndivyo lilivyozaliwa tabaka la makabaila wa mailo, na mkulima aliyekuwa akilima hapo akageuzwa mpangaji.

Tutazame neno hilo, "likakadiriwa". Nchi ilikuwa haijapimwa. Mtu aliyekuwa na uangalifu mkubwa kwa mfupa wa mnyama aliigawa nchi ya watu kwa kukisia! Upimaji ulifuata baadaye na ukachukua miaka mingi. Amri ya mwaka 1975 ilitangaza ardhi yote ya Uganda kuwa mali ya umma, lakini Katiba ya mwaka 1995 iliitambua tena mailo, na ugomvi wa mwenye hati na mwenye shamba haukwisha.

Katika miezi hiyohiyo Johnston alimtafuta mnyama wa msitu wa Ituri, okapi. Wambuti walikuwa wakimjua mnyama huyo na kumwinda tangu zamani. Waongozaji walipomwonyesha nyayo zenye kwato mbili hakuwaamini, kwa sababu alikwisha amua kwamba mnyama huyo ni wa jamii ya farasi. Mwaka 1901, alipopata ngozi na mafuvu, ilibainika kwamba ni ndugu wa twiga, na kwamba waongozaji walisema kweli. Hata hivyo jina la kisayansi la okapi linamtaja Johnston. Mjuzi alikuwa Mmbuti. Mwenye sifa akawa Kamishna.

Tunajifunza nini? Kwanza, ukweli wa sayansi hauondoi siasa yake. Habari za Johnston juu ya hali ya hewa ya Kilimanjaro zilikuwa za kweli, na kwa kuwa zilikuwa za kweli zilimfaa mnyang'anyi. Pili, sehemu kubwa ya elimu hiyo ilitoka vinywani mwa watu wetu. Kuitupa ni kutupa mali yetu wenyewe. Tatu, anayechagua kipi kipimwe na kipi kikisiwe ndiye mwenye mamlaka.

Kazi iliyo mbele yetu ni kuyashika mamlaka hayo. Mtaalamu anayekwenda kijijini kupima udongo, kuhesabu mifugo au kuandika majina ya dawa za miti lazima awajibike kwa wanakijiji hao. Majibu yarudi kwao kwa lugha wanayoielewa, kabla hayajafungwa katika kabati la mjini au kusafirishwa ng'ambo. Kama wakulima hawajui kwa nini shamba lao linapimwa, basi bendera imebadilika lakini Johnston bado anapima.